Somo: Kuongoza ziara ya picha za watu Iringa mjini kwa kufuata kivuli

Ziara nyingi za picha Iringa mjini huharibika mapema, pale njia inapopangwa kwa mfuatano wa historia: kwanza enzi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, halafu Wajerumani, halafu Waingereza. Mfuatano huo unamfaa msimulizi. Mpiga picha za watu ukimfikisha mbele ya Boma saa saba mchana, atarudi na nyuso zenye mashimo meusi badala ya macho. Njia ya ziara hii inapangwa na kivuli, na historia inasimuliwa mahali popote kivuli kilipo.

Sababu ni hii. Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupanda upesi, kama nyuzi 15 kwa saa. Likishavuka nyuzi 45, nyusi na paji la uso hutupa kivuli machoni, na pua huangusha doa jeusi juu ya mdomo. Hapa hilo hutokea kati ya saa 3:30 na saa 4:00 asubuhi kwa miezi mingi. Juni na Julai unapata mpaka kama saa 4:20. Alasiri, mwanga mzuri unarudi kuanzia saa 9:45. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua hupita utosini kabisa. Siku hizo usilazimishe picha ya nje saa za mchana, wapeleke watu wakale.

Hatua ya 1: Pima kivuli siku moja kabla

Tembea njia nzima kwa saa zilezile utakazopita na kundi. Andika ukuta upi uko kivulini na hadi saa ngapi. Asubuhi, kuta zinazotazama magharibi ndizo zenye kivuli. Alasiri ni zile za mashariki. Aprili hadi Septemba jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini unakuwa na kivuli karibu kutwa. Desemba mambo yanageuka. Anayeshika daftari la mwezi wa Julai akalitumia Desemba atakuta kila kituo kimehama.

Hatua ya 2: Watu kwanza, kamera baadaye

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo waongozaji wengi wanapopita mbio.

Tafuta watu wanne au watano mapema: msusi wa vikapu vya milulu, fundi cherehani wa barazani, muuza maharage, mzee anayefungua duka la zamani. Nenda bila kamera. Mzee anaanza kuamkiwa shikamoo. Ukijua kusema "kamwene", salamu ya Kihehe, na kusubiri jibu lake, mlango unafunguka zaidi. Eleza mambo matatu kwa maneno ya kawaida: nani atapiga, picha itakwenda wapi, na yeye atapata nini. Mtu anayeacha biashara yake dakika 20 anapoteza wateja, kwa hiyo mpatane fidia kabla, faraghani, siyo mbele ya wageni. Bei inayotajwa mbele ya kundi inamgeuza mtu kuwa bidhaa na kuwachonganisha majirani wa meza ya pili.

Taarifa za mtu, picha yake ikiwemo, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andika karatasi fupi ya Kiswahili yenye jina, matumizi ya picha, tarehe na sahihi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayesaini, na asipokuwepo, picha haipigwi hata mtoto akicheka na kujipanga mwenyewe. Aliyelewa hawezi kutoa ridhaa. Vilabu vya ulanzi viache kabisa. Polisi, mahakama, magereza na askari havipigwi, hata kama jengo ni la kale na zuri kiasi gani.

Hatua ya 3: Kundi na vifaa

Wapiga picha sita, wasizidi. Wanaopiga kwa wakati mmoja ni wawili, wengine wanasimama nyuma ya mwongozaji. Lenzi sita zikimwelekea mama mmoja, mabega yake yanapanda na hayashuki tena.

Kila mtu alete lenzi moja kati ya milimita 35 na 85, betri mbili na memori kadi yenye nafasi. Mwongozaji abebe karatasi nyeupe ya manila iliyogandishwa kwenye boksi gumu, kama sentimita 60 kwa 90. Hiyo ndiyo rifleta, ya kurudisha mwanga usoni. Haihitaji umeme wala haimtishi mtu. Juni hadi Agosti beba na mafuta ya mgando: baridi ya asubuhi inapausha ngozi, na upako mwembamba kwenye mashavu na midomo unarudisha uhai wa uso. Mwombe mhusika ajipake mwenyewe. Akizidisha, paji la uso litang'aa kama limelowa, basi afute kwa kitambaa.

Hatua ya 4: Soko Kuu, saa 1:00 hadi 2:15

Chini ya paa anza na ISO 1600 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/2.8 (upana wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa), shata 1/200 (kasi, sehemu ya sekunde). Picha ikitoka na giza, panda ISO 3200 kabla ya kushusha shata, maana mikono ya muuzaji haitulii.

Adui wa soko ni turubai. La bluu hupaka uso rangi ya mtu mgonjwa, na mwavuli mwekundu huwekundisha paji la uso huku kidevu kikibaki cha kawaida. Kurekebisha rangi baadaye hakusaidii sana, kwa sababu uso mmoja umepokea mianga miwili tofauti: ukiondoa bluu upande wa kushoto, wa kulia unageuka chungwa. Dawa ni kumsogeza mhusika hatua moja hadi ukingoni mwa turubai, akitazama nje, ili mwanga wa anga uushinde ule wa plastiki. Kama meza haisogei, simamisha manila mita moja kutoka usoni, upande wenye kivuli, usawa wa kifua. Ikishindikana yote, piga ukijua picha hiyo itakuwa nyeusi na nyeupe.

Hatua ya 5: Mitaa ya maduka ya zamani, saa 2:15 hadi 3:15

Kutoka sokoni pandeni mitaa ya Uhindini mpaka jamatikhana ya Waismailia yenye mnara wa saa. Ni nyumba ya ibada inayotumika. Mnara unaweza kuwa nyuma ya mtu aliye barabarani, lakini kwa waumini au ndani ya uzio ruhusa inaombwa kwanza.

Chini ya baraza: ISO 800, f/4, 1/250. Hapa watu wanapenda kufungua lenzi mpaka f/1.8 ili nyuma pawe ukungu. Kwa lenzi ya milimita 85 na umbali wa mita 2, kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame), f/1.8 inakupa kina cha sentimita 6 tu kinachoonekana wazi: jicho liko sawa, sikio limepotea, na mlango wa mbao wa duka umekuwa uji. Kama ukuta ungepotea, kulikuwa na haja gani ya kuja mji wa kale? Tumia f/4 au f/5.6, msimamishe mtu mita moja hadi mbili kutoka ukutani, na msisogee karibu zaidi ya mita moja na nusu. Ukikaribia mno na lenzi ya 35, pua inavimba.

Hatua ya 6: Boma, saa 3:15 hadi 4:00

Jengo hili Wajerumani walilijenga karibu na mwaka 1900 kama hospitali ya jeshi. Baadaye likawa ofisi za utawala, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Uliza mapokezi siku moja kabla kuhusu saa za kufungua na utaratibu wa kupiga picha ndani.

Jua likiwa limeshapanda, tumia mlango. Mhusika asimame ndani, hatua moja nyuma ya kizingiti, akitazama nje. Mwanga unamjia wa mbele, laini, na nyuma yake panabaki giza tulivu. Akitoka nje hatua moja, jua linamkata uso nusu. Akirudi ndani hatua tatu, macho yanazima.

Pimeni mwanga usoni. Kamera huchukulia kila kitu kuwa kijivu cha kati: ikiona ukuta mweupe inapunguza mwanga na uso mweusi unazama, kwa hiyo ongeza +1 kwenye kitufe cha +/- cha kamera. Uso mweusi ukijaza fremu nzima, kamera inafanya kinyume na ngozi inatoka ya majivu; punguza kama -0.7.

Hatua ya 7: Gangilonga, kuanzia saa 10:30 jioni

Ndilo jiwe ambalo husimuliwa kuwa Mkwawa alikuwa akija kutafakari juu yake. Mji uko chini upande wa magharibi, hivyo jioni anayesimama akiuacha mji nyuma yake ana jua mgongoni. Pima uso, kubali anga iungue kidogo, na manila iwe mbele yake. Pandeni pamoja, mshuke pamoja kabla ya giza. Kamera zisibaki na mtu mmoja juu ya jiwe.

Hatua ya 8: Rudisha picha

Safisha nakala moja ya inchi 4 kwa 6 kwa kila mhusika na umpelekee mkononi ndani ya wiki moja. Kutuma kwa simu hakutoshi. Wengi wao simu zao hujaa na picha hufutika.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Mafinga na nina simu tu. Naweza kushiriki?*

Karibu sana ndugu. Futa lenzi kwanza, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ukungu mweupe. Zima modi ya potreti unapopiga vikapu na vilemba, kwa sababu inakata nyuzi za pembeni. Gusa uso kwenye kioo, shikilia kidole mpaka mwanga ufungwe, kisha shusha mwanga kidogo. Ukiwa na kamera ya 2x, tumia hiyo na urudi nyuma, usivute kwa vidole.

*Mgeni wangu anataka mzee wa Kihehe aliyevaa kishujaa na kushika mkuki, ikiwezekana Kalenga. Nimjibu vipi, dada?*

Mwambie ukweli kwa upole: usimvike mtu nguo asizovaa ili afanane na mawazo ya mgeni. Kalenga ni mahali pa heshima; fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 limehifadhiwa pale, na halitumiki kama pambo la nyuma ya picha. Nenda kwa mwenyeji wa makumbusho, uombe. Kama kuna mzee mwenye vazi au mkuki wa familia yake na anataka mwenyewe kupigwa navyo, hiyo ni picha yake halali, na maelezo ya chini yaandikwe kwa maneno yake.

*Mtu kasaini, jioni kabadili mawazo. Karatasi si inanilinda?*

Futa. Futa mbele yake, kwenye kadi zote na kwenye nakala iliyojipandisha intaneti, kisha waambie na wageni wako wafute zao. Waambie kanuni hiyo asubuhi kabla ya kuondoka, wasije wakabisha jioni.

*Huku Mbeya njia hii inawezekana, kaka?*

Mbinu ni zilezile, majengo ni tofauti: Mbeya ilianzishwa 1927 wakati wa dhahabu ya Lupa, kwa hiyo boma la Kijerumani utalifuata Tukuyu, iliyokuwa Neu Langenburg. Tukuyu mvua haina adabu. Beba mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi na mpira wa kuubana, kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa shati, na ukitoka kwenye baridi kuingia jikoni kwa mama lishe acha kamera ndani ya begi dakika 15 kabla ya kuitoa, la sivyo kioo kitajaa mvuke.