Safari ya siku moja Hemel-en-Aarde: mashamba ya waini kando ya bahari, mkiwa na gari lenu tu

Wadau habari zenu. Mi nipo Cape Town mwaka wa tisa sasa, nabeba wageni na gari la watu saba, na ikifika Agosti na Disemba simu toka Dar na Nairobi hazikatiki, "kaka tunakuja, tupeleke kwenye yale mashamba ya waini". Wengi wanamaanisha Stellenbosch maana ndo jina walilowahi kusikia. Sina ugomvi na Stellenbosch, pazuri, ila nikiachiwa nichague mwenyewe nawapeleka Hemel-en-Aarde, bonde lililo nyuma ya mji wa Hermanus, kama kilomita 120 toka Cape Town. Jina ni la Kiafrikaans, maana yake mbingu na ardhi, na ukishuka kwenye gari unaelewa aliyelipa jina hakuwa anatania. Milima huku na huku, mizabibu katikati, na upepo wa bahari unaokupiga usoni hata kama bahari yenyewe huioni.

Nawaelekeza ninavyofanya mimi. Siri kubwa ni moja tu, anza juu kabisa mwisho wa bonde, shuka kuelekea baharini, alafu rudi kwa njia nyingine. Wengi wanafanya kinyume na wanaishia kukimbizana na saa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza

Nyangumi wanaingia ghuba ya Walker, ile iliyo mbele ya Hermanus, kuanzia Juni mpaka Novemba, wanakuja kuzaa na kupandana, na wengi zaidi unawakuta Agosti hadi Oktoba. Sasa tatizo, Juni na Julai huku ni mvua na baridi, na mizabibu imepruniwa, imebaki vijiti vitupu, mtu aliyekuja kupiga picha za kijani ananuna mpaka jioni. Mavuno yenyewe ni kama Februari na Machi, hapo unaona watu shambani na makreti na harufu ya zabibu zinazochachuka inakufuata mpaka parking, lakini nyangumi hakuna. Mi nachagua Oktoba. Majani yameshatoka, nyangumi bado wapo, baridi imepungua. Mwisho wa Septemba kuna tamasha la nyangumi Hermanus, kama hupendi kuzunguka nusu saa ukitafuta parking epuka wikiendi hiyo.

Hatua ya 2: Mashamba matatu, usizidishe

Hapa nisikilizeni vizuri. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba kundi la washkaji wakaniambia wanataka sita, "tumalize bonde lote", na mi kwa ugeni nikasema sawa bosi. La kwanza raha, la pili raha, la tatu kelele, la nne hakuna aliyekuwa anasikiliza anachoambiwa, la tano tukakuta wameshafunga, na wakati wa kurudi kwenye kona za mlima wa Houw Hoek mmoja akaanza kuomba dirisha lifunguliwe, likafunguliwa, ila alichelewa. Nimesugua kapeti mpaka saa sita usiku. Tangu siku hiyo ni matatu, moja la asubuhi, moja la chakula, moja la kumalizia.

Piga simu au tuma imeili wiki moja kabla, hasa la chakula. Ukiwa wawili unaweza kubahatisha, mkiwa sita mnaambiwa kwa upole kabisa kwamba hakuna nafasi, na upole haushibishi. Jumapili baadhi hawafungui kabisa, uliza. Na vyumba vya kuonja vingi vinafunga kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, hawana habari za "tumekwama kwenye foleni".

Hatua ya 3: Nani anashika usukani

Sheria ya Afrika Kusini ni gramu 0.05 za pombe kwa mililita 100 za damu, na kwa dereva wa kazi kama mimi ni 0.02, yani hata glasi moja sigusi. Kwenye kila shamba unaonjeshwa aina tano sita, vidogo vidogo, ukijumlisha mashamba matatu hicho sio kidogo tena. Kwa hiyo ama mmoja wenu asiguse pombe siku hiyo, tena akubali kwa moyo sio kwa kulazimishwa, ama mkodi gari na dereva.

Mkikodi, muulizeni dereva vitu vitatu kabla ya hela: kibali cha kubeba abiria kwenye leseni yake (huku wanakiita PrDP), leseni ya gari kufanya biashara ya watalii, na bima ya abiria. Kama anawapa na maelezo njiani basi awe na beji ya mwongoza watalii aliyesajiliwa. Najua mna binamu huku mwenye gari zuri na bei ya kirafiki. Akisimamishwa na trafiki na nyie mmeshamlipa, gari linaweza kukamatwa na siku yenu ikaishia pembeni ya barabara. Uendeshaji ni kushoto kama nyumbani, taa za barabarani wanaziita roboti, usishangae ukiambiwa "kata kulia kwenye roboti ya pili".

Hatua ya 4: Kwenda, pita barabara kuu ya N2

Toka mjini saa mbili kamili asubuhi. Foleni muda huo inaingia mjini, nyie mnatoka, kwa hiyo mnaiangalia tu upande wa pili. Tangki lijazwe tangu jana yake. Kipande cha karibu na uwanja wa ndege usisimame pembeni bila sababu ya maana, kama kuna mtu amebanwa avumilie mpaka petroli stesheni.

Ukipita Somerset West unaanza kupanda Sir Lowry's Pass. Juu pale kuna sehemu ya kusimama, unaiona ghuba ya False Bay yote chini yako, simama dakika tano, shika kofia. Baada ya hapo ni Grabouw na mashamba ya tufaa ya Elgin, kuna maduka ya shambani barabarani yanauza pai za moto na kahawa, na hapa nalazimisha watu wale hata kama wamesema wameshiba. Tumbo tupu na waini ya saa nne asubuhi ni ugomvi. Kisha Houw Hoek, kisha Botrivier, unaingia R43 kuelekea Hermanus. Kabla hujaingia mjini kwenyewe, kushoto unakuta R320, hiyo ndo barabara ya bonde.

Hatua ya 5: Usisimame shamba la kwanza unaloliona

Mabango yataanza kukuita mapema. Yapite yote. Panda mpaka juu, kama dakika 20.

Sababu ni hii. Bonde limegawanywa sehemu tatu rasmi: chini ni Hemel-en-Aarde Valley, katikati ni Upper, na juu ni Ridge. Juu huko kuna mashamba ya Creation na Ataraxia, katikati Newton Johnson, chini kuna Hamilton Russell na Bouchard Finlayson. Ukianza juu saa nne watu bado hawajajaa, akili yako iko safi, na kila ukimaliza unashuka kusogelea bahari badala ya kuikimbia. Ukianza chini, saa nane mchana uko juu kabisa umechoka na bado una bonde zima la kushuka.

Historia kwa ufupi maana wageni wanauliza. Tim Hamilton Russell alinunua ardhi hapa 1975, watu wakamwona kama kachanganyikiwa, maana waini ilikuwa ikilimwa sehemu zenye joto zaidi na enzi hizo huwezi kupanda zabibu za waini popote unapojisikia bila mgao, yani kibali cha kiasi unachoruhusiwa. Yeye alikuwa anatafuta baridi, kwa ajili ya zabibu za Pinot Noir (za waini nyekundu) na Chardonnay (za waini nyeupe). Bouchard Finlayson wakafuata 1989. Kilichowabeba ni upepo unaotoka baharini na udongo wenye mfinyanzi mwingi. Pinot Noir ina ngozi nyembamba, joto kali linaiharibu.

Kama umezoea ya Dodoma, fikiria kinyume. Dodoma jua linawaka na wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, huku ni mara moja tu na zabibu inaiva polepole kama mchele wa kupalia mkaa.

Hatua ya 6: Kuonja

Hapa watu wanaona aibu bila sababu. Mhudumu anakuwekea kidogo chini ya glasi. Shika ule mguu mwembamba, sio tumbo la glasi, mkono wako una joto. Inamisha juu ya karatasi nyeupe uone rangi: Pinot Noir utaona vidole vyako kwa upande wa pili, ni nyekundu ya kupauka, mtu aliyezoea waini nzito anadhani kapunjwa. Zungusha. Pua ndani. Mzee mmoja toka Arusha niliwahi kumleta, muda wote alikuwa kanyamaza huku mhudumu anataja matunda ambayo hakuna anayeyajua, sijui cheri gani, yule mzee akanusa tena taratibu akasema, "Hii inanuka udongo baada ya mvua ya kwanza." Mhudumu akaacha kuongea akanusa na yeye. Akakubali. Kwa hiyo sema unachokijua wewe, kama ni ukwaju sema ukwaju.

Kile kindoo cha mezani ni cha kutema. Tema, mwaga, hakuna anayekasirika, hata wataalamu wenyewe wanatema. Kunywa maji kila baada ya glasi. Na usilazimike kununua, ila mashamba mengine ukinunua chupa kadhaa hela ya kuonja wanaisamehe, uliza kabla ya bili. Tipu ya mhudumu asilimia kumi hivi inatosha.

Hatua ya 7: Wasiokunywa

Mara nyingi kwenye familia kuna wasiogusa pombe, na wasibebwe kama mizigo. Wakati wa kupiga simu sema mapema, "tuna watu watatu hawanywi na wawili wanakula halali tu". Baadhi ya mashamba yana juisi ya zabibu au chai za kuonja na vitafunio, mengine watakupa soda na tabasamu, ndo maana unauliza. Nyama ya halali Cape Town ipo kila kona, huku bondeni usitegemee, mi nabeba sambusa na keki za koesister toka mtaa wa Bo-Kaap pale Cape Town, nazifungia kwenye boksi, tunakula kwenye gari kabla ya kuingia maana mashamba mengi hayataki chakula cha nje.

Hatua ya 8: Hermanus

Saa tisa na nusu uwe umeshuka mjini. Huhitaji boti. Kuna njia ya miguu juu ya majabali, kilomita 12 hivi, we tembea kipande tu karibu na bandari ya zamani. Mji una mtu wa kupiga baragumu la mwani, kazi hiyo ipo tangu 1992, wakati wa msimu akiwaona nyangumi anapuliza na watu wanajua waangalie wapi. Tafuta kwanza moshi wa maji, alafu mgongo mweusi unaong'aa kama gurudumu la lori lililolowa. Wakati mwingine wako mita chache toka mwambani, unasikia pumzi yao kabisa. Na siku nyingine unakaa saa nzima unaona maji.

Hatua ya 9: Kurudi, pita pwani

Usirudi na N2. Baada ya Hermanus fuata R43 kisha ingia R44 kupitia Kleinmond, Betty's Bay, Rooi Els mpaka Gordon's Bay. Kipande cha Rooi Els hadi Gordon's Bay kinaitwa Clarence Drive, na ukitoka upande huu bahari iko kushoto kwako, upande wako, unaingia sehemu za kusimama bila kukata barabara, na jua linazama ng'ambo ya False Bay mbele ya macho yenu. Anayekuja kwa njia hii asubuhi anapata mwamba dirishani. Kona ni nyingi, nenda taratibu. Nyani wapo, funga milango na loki, wanajua kufungua. Kukiwa na mvua kubwa ulizia kwanza, mawe huwa yanaporomoka na barabara inafungwa.

Betty's Bay kuna pengwini, Stony Point, ila geti wanafunga mapema jioni. Kama watoto wanalilia pengwini basi toa shamba moja, hakuna namna.

Hatua ya 10: Chupa

Mimi nina boksi la barafu nyuma ya gari mwaka mzima. Chupa ulizonunua saa nne asubuhi ukiziacha kwenye buti la gari lililopigwa jua mpaka jioni, kesho unakunywa uji. Barafu kidogo, taulo juu, zisigongane.

Za kupanda nazo ndege ziende kwenye begi la kuchekiwa, sio la mkononi, kila chupa ndani ya mguu wa jinzi, alafu mfuko wa plastiki, alafu katikati ya nguo. Ukiingia Tanzania, Kenya au Uganda forodha ya Afrika Mashariki inakuruhusu lita mbili za waini bila ushuru, yani chupa mbili za kawaida na zaidi kidogo ya nusu, ya tatu ukikutwa nayo lipa ushuru.