Simu ya kuzungusha: kujua kipi orijino kipi kimebadilishwa, na kuirudisha bila kuiharibu

Kabla hujashika kitambaa wala spiriti, chukua bisibisi, fungua simu tumboni upige picha kila kitu. Nasema kila kitu. Simu yangu ya kwanza ilikuwa Western Electric 500 nyeusi, modeli ya simu ya mezani ya Marekani, nikaifungua kwa furaha nikapangusa vumbi kwa pamba na spiriti mpaka kengele zikang'aa, afu ndo nikaona pamba imebaki na rangi ya bluu na nikajua nilichofuta ilikuwa tarehe. Muhuri wa wino, umekaa hapo tangu miaka ya 1950, mi nimeumaliza kwa sekunde mbili na hauna namna ya kurudi.

Tarehe zenyewe zina kazi gani? Simu hizi zamani hazikuwa mali ya mwenye nyumba. Marekani zilikuwa za Bell System, yaani kampuni ya simu ya huko, Uingereza za GPO, yaani shirika la posta lililoendesha simu, mteja anakodi tu, akihama au ikiharibika inarudi karakana, inafunguliwa, kilichochoka kinatolewa kinawekwa kingine kutoka boksi la spea halafu inakwenda kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ukikuta kitako cha 1954, kengele za 1953 na mkonga wa 1961 usikimbilie kusema umeuziwa feki, hiyo inaweza kuwa ni simu iliyopita karakana mara moja na kwangu mimi hiyo ni orijino kabisa, ndo maisha yake. Kinachonitia wasiwasi ni pale kila kipande kina mwaka wake, kimoja cha 1951 kingine cha 1968 kingine cha 1975, hapo mara nyingi kuna mtu kaunganisha mabaki ya simu nne apate moja ya kuuza.

Kwenye 500 tarehe tafuta hivi: geuza kitako, kuna muhuri wa modeli na mwezi na mwaka. Ndani angalia mgongo wa duara la kuzungushia namba, fremu ya kengele, kile kiboksi zinapokutana waya zote, na upande wa ndani wa kava. Halafu wengi wanasahau mkonga. Fungua vile vifuniko viwili vya sikioni na mdomoni, vinazunguka kwa mkono tu, ndani kuna kapsuli mbili zina tarehe zake na plastiki ya mkonga nayo ina yake. Simu za GPO zinakuwa na namba ya aina, herufi za kiwanda na tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Andika zote kwenye karatasi, zipange, utaona zinaanza kuongea zenyewe.

Kuna vitu havihitaji hata tarehe. Mkonga wenye waya wa kuchomeka kwenye tundu dogo la plastiki, ule wa kubana klipu unatoka, hauwezi kuwa wa simu ya 1955 maana soketi zile zimekuja miaka ya 1970, kabla ya hapo waya ulifungwa kwa skrubu ndani, na kulikuwa na kindoano cha chuma kinachozuia usivutike. Simu nyepesi kama toi, au ina duara lakini matundu yake kumbe ni vitufe vya kubonyeza, hiyo ni ya mapambo. Na rangi: ukiona nyekundu au rangi ya pembe za ndovu, chungulia ndani ya kava, plastiki ya rangi ina rangi ileile mpaka ndani, ukikuta ndani nyeusi ujue imepigwa spreya.

Sasa plastiki, na hapa ndo watu wanaua simu. Bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, sugua kwa kidole gumba mpaka ipate moto halafu unuse, inatoa harufu kali kama dawa ya hospitali. 500 za mwanzo zenyewe siyo bakelaiti, kava lake ni plastiki laini inayosinyaa kadiri inavyozeeka, ndo maana haikai sawa kwenye kitako, na inanuka kama siagi iliyochacha. Baadaye ndo wakahamia plastiki ngumu ya ABS. Asetoni usiisogeze karibu na hizi plastiki, inazila.

Bakelaiti usiipige msasa jamani. Ule mng'ao uko kwenye ngozi ya juu tu, chini yake ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ukiikwangua ngozi inabaki kahawia imefifia na haitang'aa tena kama mwanzo. Halafu bakelaiti nyingine za zamani ziliwekewa asbesto, kwa hiyo vumbi lake si la kuvuta. Sabuni laini, maji kidogo, kausha, kisha polishi ya chuma kwenye kitambaa laini taratibu, mwisho nta. Waya wa kusukwa kwa pamba usiuloweke kabisa, brashi kavu ya meno inatosha.

Duara likirudi polepole au likakwama njiani, kwa asilimia kubwa hakuna kilichovunjika, ni mafuta ya zamani yameganda yamekuwa kama ulimbo. Usipulize ile spreya ya kulegeza kutu, italainika leo na baada ya miezi itakuwa mbaya zaidi. Ondoa mafuta ya zamani kwa spiriti na kijiti (mihuri ukae nayo mbali, nimeshasema), halafu tone moja la mafuta ya saa kwenye ekseli, tone moja kweli. Vile vidole vya shaba vinavyogusana pitisha katikati yake kipande cha karatasi kilicholowa spiriti, ukivute, usitumie tupa. Kupima ni rahisi: zungusha 0 uachie, inatoa mapigo 10 na mwendo wake ni mapigo 10 kwa sekunde, kwa hiyo irudi kwa kama sekunde moja na mlio wake uwe sawa mwanzo mpaka mwisho. Ikianza haraka ikamalizia kwa kujikokota, bado kuna uchafu.

Sauti yako ikisikika hafifu upande wa pili, kapsuli ya mdomoni ina chembechembe za mkaa ambazo zinagandamana, igonge kidogo kwenye kiganja huku ukiizungusha. Mara nyingi inarudi. Isiporudi weka nyingine ya aina hiyohiyo, lakini ile ya zamani usitupe, ifunge kwenye bahasha uandike imetoka simu gani.

Na ukifungua simu chomoa laini kwanza, umeme wa kupigisha kengele unafika volti 75 mpaka 90 na utaujua siku mtu akipiga wakati vidole vyako viko ndani.