Kuandika sura ya nadharia ya baada-ukoloni kwa Kiswahili: anza na kitenzi

Anayeandika tasnifu ya fasihi kwa Kiswahili, awe chuoni Makumira au nyumbani kwao Moshi, hukwama zaidi kwenye sura ya nadharia, hasa ya baada-ukoloni, yaani mawazo kuhusu athari za ukoloni katika fasihi na utamaduni. Vitabu vingi viko kwa Kiingereza, na wasomi wake wengi walizaliwa kwingine wakafundisha kwingine. Edward Said alizaliwa Jerusalem mwaka 1935, akafundisha New York. Gayatri Spivak alitoka Kolkata, akafundisha Marekani. Kabla ya kugusa istilahi, panga vitenzi vya safari hizo.

Andika majina ya wasomi wako watano au sita. Mbele ya kila jina weka alikotoka, alikofikia, mwaka, na kilichomwondoa. Kisha chagua kitenzi. Kuhama hutazama kule anakoondoka mtu, kuhamia hutazama anakofikia, na katika kuhamishwa kuna mkono wa mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda London mwaka 1982 kuzindua kitabu, akapata habari kwamba angekamatwa akirudi Kenya, akabaki uhamishoni. Ukiandika tu kwamba "alihamia Uingereza", umeifuta serikali iliyomzuia. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alikatazwa kuingia Jamaica mwaka 1968, akarudi kufundisha Dar es Salaam kuanzia 1969 hadi 1974. Mfano wake usiuache, maana unaonyesha kwamba wasomi walikuja kwetu pia.

Kosa linalojirudia ni kuita kila kitu "uhamiaji". Msomaji wa Arusha akiliona neno hilo anawaza pasipoti. "Uhamisho" nao unamkumbusha mwalimu aliyetolewa Karatu akapelekwa Rombo. Kiambishi -ni peke yake kinaleta maana unayoitaka: uhamishoni.

Sasa istilahi. Ishirini zinatosha. Chora safu tatu: dhana, neno ulilochagua, na maana ambayo neno hilo tayari linayo mtaani. Safu ya tatu ndiyo inayookoa kazi. Wengi hutafsiri wazo la Homi Bhabha la tamaduni zilizoingiliana kuwa "uchotara". Kule Moshi, chotara ni mahindi au ng'ombe wa maziwa, na akiitwa mtu hivyo anaweza kuumia. "Umseto" ni bora. "Wanyonge", tafsiri ya "subaltern" wa Spivak, yaani watu wa chini kabisa katika jamii, pia lina kasoro: neno linaleta huruma, ilhali hoja yake ni kwamba hata wakisema, hakuna mfumo wa kuwasikia. Andika "wanyonge wasiosikika". Wala usichanganye baada-ukoloni na ukoloni mamboleo. Huo wa pili ni unyonyaji wa kiuchumi unaoendelea baada ya bendera kushushwa, kama Kwame Nkrumah alivyoueleza mwaka 1965.

Kila istilahi ifafanue inapotokea mara ya kwanza, kwa sentensi moja isiyozidi maneno 25, kisha usiibadilishe.

Mwishoni chapa aya mbili, umpe mwalimu wa Kiswahili wa sekondari na mtu mwingine ambaye hakupita chuo. Usiulize "umeelewa?", kwa sababu kwa adabu watajibu ndiyo. Waombe wakusimulie walichosoma. Wakikosea wote wawili mahali pamoja, neno lako ndilo bovu: libadilishe katika faili zima, ukitafuta kwa mzizi, "mseto" badala ya "umseto", la sivyo "kimseto" na "wa mseto" zitabaki.