SOMO: Kujua IP (anwani ya mtandaoni) ya anayeunganisha kwenye seva yako ndogo

Ukishaandika seva yako ya kwanza kwa Python, utataka kujua aliyeingia katokea wapi. Jibu unalo tayari: accept(), ile inayopokea muunganisho, hurudisha vitu viwili, soketi ya mteja (njia ya kuongea naye) na anwani yake, ila wengi hutumia kimoja na kukiacha cha pili.

Hatua ya 1. Andika hivi:

```
import socket
s = socket.socket()
s.bind(("0.0.0.0", 5000))
s.listen()
while True:
    mteja, anwani = s.accept()
    print(anwani[0], anwani[1])
    mteja.close()
```

Hatua ya 2. Iendeshe, kisha kwenye dirisha jingine andika `nc 127.0.0.1 5000` (nc ni programu ndogo ya kuunganisha, na 127.0.0.1 ni kompyuta yako mwenyewe). Utaona kitu kama `127.0.0.1 51234`. Cha kwanza ndiyo IP, cha pili ni poti (namba ya mlango) ya upande wa mteja. Usishangae kwamba si 5000. Hiyo ni yako. Ya mteja huchaguliwa na mfumo wa kompyuta yake, na kwa kawaida hubadilika kila akiunganisha upya, kwa hiyo haifai kumtambulisha mtu.

Hatua ya 3. Ukiwa mahali penye soketi tu, ita `mteja.getpeername()`. Iite mapema, maana muunganisho ukishakatika unaweza kupata kosa la OSError.

MASWALI

*Mkuu, seva yangu iko nyuma ya Nginx, kila mtu anaonekana 127.0.0.1. Nimekosea wapi?*

Hujakosea. Nginx ni seva ya wavuti inayosimama mbele, ikipokea wateja na kukupitishia maombi yao, kwa hiyo anayeunganisha na programu yako ni Nginx yenyewe. Weka hii kwenye mipangilio yake:

`proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;`

Hiyo huongeza kwenye ombi kichwa cha X-Forwarded-For, chenye orodha ya anwani. Kisha kwenye programu yako soma anwani ya MWISHO kwenye orodha hiyo, ndiyo iliyoongezwa na Nginx. Zilizotangulia mteja anaweza kuwa amejiandikia mwenyewe, na hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini. Kwenye bind nako weka 127.0.0.1 badala ya 0.0.0.0, asiwepo wa kuipita Nginx pembeni.

*Mimi naona ::ffff:192.168.1.7. Ni virusi?*

Hapana, ndugu. Soketi yako ni ya IPv6 (mtindo mpya wa anwani za IP) na inapokea IPv4 (ule wa zamani) pia. Hiyo ni 192.168.1.7 ile ile.

*Naweza kumfungia msumbufu kwa IP yake?*

Unaweza, ila walio nyuma ya ruta moja kwa kawaida hutoka na IP moja. Utafungia nyumba nzima.

*Na UDP je?*

UDP ni njia ya kutuma data bila kufungua muunganisho kwanza, kwa hiyo huko hakuna accept(). Tumia `data, anwani = s.recvfrom(1024)`. Ila IP ya mtumaji wa UDP hughushiwa kirahisi, usiitumie kama nywila.