Namna ya kumsogelea farasi bila kupigwa teke

Jumapili pale Ngong Racecourse hukosi kuona mtu mzima, simu mkononi, akimwendea farasi kwa nyuma apate picha. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, mwaka wa 19 huu, na kovu la pajani nililipata hivyo hivyo, nikiwa na haraka ya chai.

Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, ila nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Basi mwendee bega la kushoto, mshazari, ukimsemesha. Neno lolote; mimi humwita mama, hata akiwa dume. Masikio yakilala nyuma, simama. Yakikuelekea, mpe mgongo wa mkono aunuse, kisha mkune pale singa zinapoishia. Hapo ndipo wao wenyewe hukunana kwa meno.

Sasa kamba, na hapa wengi hushindwa. Vuta kidogo, ushikilie. Akiinua hata kwato moja kuja kwako, legeza papo hapo, usingoje hatua ya pili. Kuvuta hakumfundishi kitu. Hufundishwa na kule kuachiliwa. Ukizidi kuvuta ilhali ameshatii, kesho atakuburuta hadi Dagoretti Corner.

Mkono wa binadamu ni mgumu kulegeza. Nimeliona kwa kila kijana niliyemfundisha, na kwangu kabla yao. Tulianza kwa kumla huyu mnyama: watu wa Botai, Kazakhstan, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, waliacha marundo ya mifupa yake. Farasi wa leo asili yao ni nyika za mito ya Volga na Don, huko Urusi, kama miaka 4,200 iliyopita, ambako walizalishwa wenye mgongo imara na moyo mtulivu. Yaani tuliwabakiza wanaotuvumilia.

Punda milia hakupitia hayo. Mwanzoni mwa karne iliyopita Daktari Rosendo Ribeiro alimpanda mmoja hapa Nairobi akizungukia wagonjwa, lakini aliyezoeshwa ni yule mmoja tu. Mtoto wake angezaliwa mwitu vilevile.

Ukimrudisha zizini, mwingize, mgeuze akutazame, wewe mgongo wako uwe mlangoni. Ndipo umvue kamba. Ukimfungulia akiwa ameelekea ndani, atachomoka kwa furaha, na miguu ya nyuma ndiyo itakayokuaga.