Kuhamisha Kompyuta ya Nyumbani kutoka Windows 10 hadi Windows 11

Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta isiyoandikishwa katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama haizibiwi tena mianya inayogunduliwa kila mwezi. Kuhamia Windows 11 ni jambo la busara, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya kubofya kitufe cha kusakinisha.

Hakikisha kwanza kwamba kompyuta inakidhi masharti: kumbukumbu ya GB 4, hifadhi ya GB 64, kichakataji kilichomo katika orodha ya Microsoft, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hapa ndipo wengi hukwama bila sababu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka litaonyesha toleo la chipu hiyo. Ukiambiwa haipo, usikimbilie kununua kompyuta nyingine, kwa kuwa mara nyingi ipo ila imezimwa katika mipangilio ya UEFI (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows), ambako huitwa PTT kwenye mashine za Intel na fTPM kwenye za AMD. Kabla ya kugusa mipangilio hiyo, nakili ufunguo wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski kwa usimbaji) wenye tarakimu 48 na uuweke nje ya kompyuta, maana diski iliyofungwa kwa BitLocker inaweza kuudai mara tu mashine itakapowaka tena.

Kisha nakili picha, nyaraka na faili zote unazozithamini kwenye diski ya nje, fungua chache kuthibitisha kwamba zinasomeka, na uichomoe diski hiyo. Hatua hii, kwa maoni yangu, haina mbadala.

Usakinishaji wenyewe ni mwepesi: chomeka chaja, ingia kwenye mipangilio, fungua Windows Update, ukubali toleo jipya, na uiache kompyuta ijizime na kujiwasha mara kadhaa bila kuikatiza.

Ukimaliza, jaribu printa, kamera, sauti na programu unazozitegemea mapema, kwa sababu una siku 10 tu za kurejea Windows 10 kwa njia rahisi. Katika siku hizo usifute folda ya Windows.old, hata kama nafasi imebana, kwani ndiyo inayohifadhi mfumo wa zamani. Ikishaondoka, kurejea kutahitaji kusakinisha kila kitu upya.