Jinsi ya Kuitambua Sarafu ya Fedha Katika Chenji na Katika Akiba za Nyumbani

Anayetaka kutafuta sarafu zenye madini ya fedha hapa Kisumu, Nakuru au Kakamega aanze kwa kujua mahali ambapo hazipo. Chenji unayorudishiwa na kondakta wa matatu, au na mama muuza samaki katika soko la Kibuye, haina fedha ndani yake, kwa sababu sarafu zote ambazo Kenya imezitoa kwa matumizi ya kila siku tangu 1966 zimetengenezwa kwa metali za bei nafuu kama nikeli, shaba na chuma. Hata ile sarafu ya shilingi 40 iliyotolewa 2003 kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru, ambayo wengi wameificha wakidhani ni hazina, haina fedha.

Fedha yenyewe imelala majumbani. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901 ilikuta na kueneza rupia ya India, na rupia hiyo ndiyo iliyotumika kulipa mishahara na kununua bidhaa madukani hadi 1920, ilipofuatwa na florini na muda mfupi baadaye na shilingi ya Afrika Mashariki. Sarafu hizo zimebaki katika makopo, masanduku ya mbao na vifundo vya leso vya wazee wetu. Ukitaka kuziona, msalimu nyanya yako kwanza, mweleze unachotafuta, kisha umwachie yeye mwenyewe afungue sanduku lake. Mara nyingi atakueleza pia sarafu hiyo ilitoka kwa nani, na habari hiyo inafaa kuandikwa.

Shilingi ya Afrika Mashariki ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi, kwa hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Upande mmoja una simba aliyesimama mbele ya milima, pamoja na mwaka. Upande wa pili una mfalme wa Uingereza aliyevaa taji. Shilingi zilizopigwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, yaani asilimia 25, ilhali zile za 1948 hadi 1952 ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Mizani haitakusaidia kuzitenganisha, kwa kuwa zinakaribiana mno kwa uzito na ukubwa: ile yenye fedha ina takribani gramu 7.8. Mwaka ukiwa umefutika kwa kushikwashikwa, geuza sarafu uisome kwenye mwanga wa pembeni, ukitafuta herufi IND na IMP baada ya jina la mfalme. Herufi hizo zilimtaja kuwa mfalme mkuu wa India, na kwa kuwa India ilipata uhuru 1947, shilingi za 1948 na kuendelea hazina maneno hayo. Kwa hiyo ukiyaona, una fedha mkononi. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa sumuni za wakati huo. Senti zenye tundu katikati ziweke kando, kwani hizo si za fedha.

Rupia ya India yenye sura ya Malkia Victoria, Mfalme Edward wa Saba au George wa Tano ni bora zaidi, maana ina takribani asilimia 92 ya fedha na uzito wa gramu 11.66. Florini ya 1920 ina uzito huo huo, lakini fedha yake ni nusu tu.

Sarafu za kigeni nazo huingia mjini kwa njia ya wageni, jamaa walio ughaibuni na hata kapu la sadaka. Ya Marekani ya robo dola au ya senti kumi ikiwa ya 1964 au kabla yake ina asilimia 90 ya fedha. Itazame ukingoni: ya baadaye huonyesha mstari mwekundu wa shaba, na ya fedha ni nyeupe kote. Robo dola ya fedha huwa na gramu 6.25, na ya baadaye gramu 5.67. Shilingi ya Uingereza ya 1920 hadi 1946 ina nusu ya fedha, na ile ya kabla ya 1920 ina asilimia 92.5.

Watu hutegemea sumaku kupita kiasi. Sarafu ikinaswa, hakika si fedha. Lakini isiponaswa hujathibitisha lolote, kwa sababu mchanganyiko wa shaba na nikeli nao haunaswi. Anza daima na nchi na mwaka, kisha ukingo, kisha uzito kwa mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Shaka ikibaki, mpelekee sonara, ila umkataze kuikwangua au kuitia asidi mahali panapoonekana.

Kabla ya kuuza, piga hesabu ya fedha iliyomo. Shilingi moja ya 1921 hadi 1946 ina karibu gramu 1.94, kwa hiyo inahitaji shilingi 16 kupata wakia moja ya madini, ambayo ni gramu 31.1, ilhali rupia tatu tu zinapita kiasi hicho. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, na anayekununulia kwa uzito asikupe chini sana ya hapo. Mkusanyaji anaweza kutoa zaidi kwa sarafu ambayo maandishi yake bado ni makali, na ndiyo maana nakusihi usiisugue kwa majivu, mchanga wala dawa ya meno. Weusi ulioganda juu yake haupunguzi thamani, lakini mikwaruzo huipunguza na haiwezi kuondolewa. Ifunge kila moja katika karatasi kavu, uandike juu yake mwaka, uzito na jina la aliyekupa.